Matairi ya Saba-Hamsini

Mimi hukasirika upesi. Nasema mapema ili mtu asije akashangaa huko mbele. Hasira yangu si ya kurusha sufuria, ni ya kufanya kinyume. Ukiniambia nipite kulia, mguu wa kushoto unaanza kuniwasha. Mama yangu aliliona hilo nikiwa bado natambaa, na mume wangu Duke aliliona wiki ya pili ya ndoa, siku aliponishauri tusifuge kuku weupe. Tulifuga kuku weupe miaka sita.

Basi matairi nayo yalikwenda hivyo hivyo.

Mwaka ule wa tisini na tano nilikuwa na pikapu, Toyota Stout kuukuu niliyoachiwa na baba, na kazi yangu ilikuwa kuvuta vitu hapa Migori. Nilivuta matrela ya matofali, mashine za kupura mahindi, na mara moja nyumba ya mbao ya mhubiri, nzima nzima, pazia likipepea dirishani. Duke alikuwa Thika, fundi katika gereji ya mabasi, mwaka wake wa nne. Alikuja Agosti na Desemba, siku kumi kila mara, akatengeneza kila kilichoharibika nyumbani, kisha akaondoka. Bawaba zangu zote zilikuwa hazilii. Nyumba ilikuwa kimya kwa ubaya.

Julai ikaja habari kutoka Macalder. Kina mama wanaochekecha dhahabu kule walikuwa wamechanga, wakamwagiza Cephas, fundi wa kuchomelea wa Homa Bay, awaundie mashine ya kusaga mawe. Mashine ingekaa juu ya trela la magurudumu mawili, na msimu mzima ingehitaji gari la kuihamisha kutoka shimo hadi shimo. Mwenyekiti wao, mama mmoja mrefu aitwaye Metrine, alinipa kazi ya kuileta kutoka Homa Bay. Wangekutana Jumapili saa sita mchana kuchagua gari la msimu. Nikiileta vizuri, nina nafasi kubwa. Nikichelewa, wangemwangalia Obare, ambaye pikapu yake ilikuwa mpya kuliko yangu na tabasamu lake pia.

Nilimwandikia Duke. Jibu lake ninalikumbuka neno kwa neno. Alisema nikipata kazi hiyo, gari litataka fundi kila wiki, naye atakuwa na sababu ya kurudi nyumbani na kubaki. Niliposoma hapo nilikaa chini. Kisha nikageuza karatasi, na upande wa pili akawa ameandika hivi: matairi yako ya nyuma yamekwisha, nunua ya mia saba, usinunue saba-hamsini hata ukiyapenda.

Hata ukiyapenda. Mtu yuko Thika, anaoga maji ya mfereji, anakula chapati za hotelini, na anajua nitakachopenda.

Fanuel, muuza matairi karibu na stendi, aliniegemezea matatu ukutani.

"Hii mia sita hamsini ndio gari yako ilizaliwa nayo," akasema. "Hii mia saba ni kubwa kidogo, itakuinua juu ya matope na bado itavuta. Hii saba-hamsini ni kubwa sana, mama. Hiyo ni ya watu wa lori ndogo."

"Obare ana gani?"

"Obare ana saba-hamsini zote nne. Lakini Obare havuti. Obare anabeba."

"Nipe mbili za saba-hamsini."

"Mama Dorah," akaanza, kwa jina la kifungua mimba wangu, "kwa kuvuta mimi ningekushauri..."

"Unauza ama unahubiri?"

Akauza. Nami nakiri kwamba nilichagua kwa macho tu. Yalikuwa meusi, mapana, yenye meno ya kushika ardhi, na yalinukia upya. Niliyafunga nyuma, kwa sababu yale ya mbele yalikuwa bado na uhai, na gari likainua kiuno na kuinamisha pua kama kuku anayedonoa. Nilizunguka mji mara mbili bila shughuli yoyote. Watu waliangalia, nami nikawaacha waangalie.

Ijumaa asubuhi nilikuwa Homa Bay katika ua wa Cephas. Mashine ilikuwa imekwisha, imepakwa rangi ya kijani, imekaa juu ya trela. Trela lenyewe Cephas alikuwa ameliunda kwa ekseli na magurudumu ya Stout nyingine iliyofia Kosele, ili lifanane na gari langu, na kabla ya kununua matairi nilikuwa nimempelekea gari akapima kimo cha kile chuma cha nyuma kinachoshika trela. Sasa alipouinua mkono wa trela na kuufunga kwenye gari, ulipanda juu kuliko alivyotaka. Akarudi nyuma hatua tatu, akakunja uso.

"Nyar Kisii, umerefuka lini?" akauliza. Ndivyo anavyoniita, binti wa Kisii, tangu tujuane.

"Nimenunua matairi."

"Naona. Sasa pua ya trela inaangalia juu, na injini ya hii mashine iko nyuma. Uzito wote unakaa nyuma. Niachie mpaka Jumatatu, nikate huu mkono niushushe."

"Jumatatu kazi itakuwa ya Obare."

"Basi niachie mpaka jioni."

Hilo nalo halikuwezekana, na Cephas alijua. Mimi ni Msabato. Jua likizama Ijumaa, kazi imekwisha hadi jua lizame Jumamosi, na kwangu hilo halina mjadala. Baba aliwahi kuacha gunia la mahindi njiani, mvua inakuja, kwa sababu jua lilimkuta mbele ya mlango wa ghala. Nilikuwa na muda wa kutoka Homa Bay hadi Macalder na kubakiza saa nzima ya kuoga. Nikamwambia Cephas apunguze kuona mambo, nikaondoka.

Kilima cha kwanza kabla ya Rangwe gari lilianza kunung'unika. Gia ya kwanza, ambayo siku zote ilipanda ikivuta kila kitu, sasa ilikuwa kama mtu aliyevaa viatu vya kaka yake. Maji yakachemka. Nikasimama Rangwe sokoni, nikangoja radieta ipoe, nikaongeza maji, nikalaumu petroli. Mbele ya Rongo trela likaanza kutikisa mkia na kunivuta huku na huku, nikalaumu upepo. Migori nilipita saa kumi na moja bila kumlaumu mtu yeyote, maana muda ulikuwa umekwisha.

Barabara ya Macalder ni ya vumbi na mawe. Kama kilomita kumi kabla ya kufika kuna kilima kimoja kifupi, ukali wake hauonekani mpaka uwe juu yake. Niliingia na gia ya kwanza, injini ikazama, magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka mahali pamoja yakirusha kokoto. Yale meno niliyoyapenda hayakushika kitu. Nilirudi chini, nikajaribu tena. Mara ya tatu klachi ikaanza kunuka, na jua lilikuwa limegusa miti.

Nikaegesha kando, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu, nikazima gari. Nilikuwa na hasira na Fanuel, na Cephas, na Duke, na kilima, na chini ya hasira hizo zote nilijua vizuri ni nani aliyelipenda lile tairi. Nililia kidogo, si sana.

Hapo ndipo akatokea Ryoba. Alikuwa Mkuria wa miaka thelathini hivi, aliyenunua shamba kando ya kilima, na alikuwa anarudi na mkokoteni wake na maksai wanne. Ni mtu anayecheka kwanza kisha ndipo anasema.

"Mama, hii mlima imekushinda?"

"Haijanishinda. Jua limeniwahi."

"Hiyo si shida. Nafungua hawa wanne, nawafunga mbele ya gari, dakika kumi uko juu."

Nikaangalia magharibi. Jua lilikuwa limeingia, umebaki wekundu kama ukingo wa kucha.

"Siwezi," nikamwambia. "Sabato imeingia."

"Wewe usifanye. Keti. Ng'ombe ndio watafanya."

"Amri imetaja hata ng'ombe."

"Ng'ombe wako. Hawa ni wangu, na hawajabatizwa."

"Imesema na mgeni pia."

Akafikiri. "Hapa mgeni ni wewe," akasema.

Alikuwa sahihi, na nilikasirika kwa sababu alikuwa sahihi, lakini sikukubali. Ryoba akacheka tena, akatikisa kichwa, akanichukua nyumbani kwake, hatua mia mbili kutoka barabarani. Mkewe Priscilla alinipokea kama niliyekuwa natazamiwa. Akanipa maji ya kunawa, ugali wa wimbi na maziwa ya mgando, na alipotaka kupika chai nikamweleza kwamba majani ya chai situmii. Akasema dini yangu ina mambo mengi kwa mwanamke mmoja, kisha akanitandikia kitanda cha binti yao aliye shuleni.

Jumamosi hiyo ndiyo siku ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi, na nimezaa mara tatu.

Asubuhi nilisoma, nikaimba peke yangu kwa sauti ndogo, nikaombea mashine. Saa nne nikasikia gari. Lilikuwa la Obare, likielekea Macalder, limeinuliwa juu, matairi yote manne yanang'aa. Akasimama karibu na trela, akashuka, akanikuta nimeketi kwenye kigoda chini ya ukingo wa paa la Ryoba.

"Pole, Edinah," akasema, na alimaanisha, hilo ndilo lililoniuma. "Nikuvutie? Nitaifikisha sasa hivi."

"Leo haivutwi."

"Mimi ni Mkatoliki. Kwangu leo ni Jumamosi tu."

"Obare, ukiifikisha wewe, itakuwa umeifikisha wewe."

Akaelewa. Akanyoosha mikono kama mtu asemaye haya basi, akasema atawaambia kina mama kwamba mashine iko salama, na imekwama. Nilitamani kumtukana, lakini siku haikuruhusu hilo pia. Alipanda kilima kile gari likiwa tupu, bila trela, akapotelea juu.

Saa nane mchana Ryoba akaanza kupakia mkokoteni wake, magunia ya mahindi ya kumpelekea jirani. Yeye siku yake ilikuwa ya kazi. Nilikuwa nimechoka kukaa, kwa hiyo nikamwuliza anavyochagua maksai. Nilidhani atasema kimo.

"Kimo ni ya kuuzia," akasema. "Ukitaka kuuza, tafuta mrefu. Ukitaka kuvuta, tafuta mguu mfupi na shingo. Mrefu anachoka kabla hajaanza."

Niliangalia pembeni. Sikutaka aone uso wangu.

Kisha akafanya jambo ambalo nadhani alikuwa amelifikiria tangu jana. Akapanga magunia yote nyuma ya mkokoteni, nyuma ya magurudumu, akasimama kando. Mti mrefu wa mbele, ule unaounganishwa na nira, ukainuka. Nira ikapanda, ikaning'inia hewani, na wale maksai wawili wa nyuma wakabaki wameinua vichwa, hawajui la kufanya.

"Waambie wavute," akanichokoza.

"Hawawezi."

"Kwa nini? Nguvu wanayo."

"Hawana kitu shingoni."

"Ndio hiyo. Shingo inataka kuhisi mzigo kidogo ndio mguu ishike chini. Sasa angalia gari yako." Akaonyesha barabarani kwa kidevu. "Jana nimeona. Hiyo trela imeinua pua, inanyanyua makalio ya gari. Tairi zako ni kubwa lakini ziko hewani. Zinagusa chini kama mtu anaonja chai."

Akahamisha magunia mawili mbele ya magurudumu. Nira ikashuka, ikakaa. Maksai wakatulia.

Nilisimama. Kisha nikaketi, kwa sababu ilikuwa Sabato, lakini kichwa changu hakikuketi. Kusogeza mashine mbele kusingewezekana. Cephas alikuwa ameichomelea kwenye trela. Lakini kama huwezi kusogeza mzigo, unaweza kuinua nyuma. Ekseli ya trela ilikuwa ya Stout, na magurudumu yake pia ya Stout, mia sita hamsini, na matairi Cephas alikuwa ameyanunua mapya. Ningeng'oa saba-hamsini zangu nikazitia kwenye trela, na yale ya trela nikayatia kwenye gari. Nyuma ya trela ingepanda, mkono wake ungeshuka, uzito ungekuja mbele kwenye gari. Na gari lingerudi kwenye mguu wake mfupi, gia ya kwanza ikapata nguvu zake. Ilikuwa kazi ya saa moja. Spana ninayo, jeki ninayo.

Nikamweleza Ryoba. Akaacha kucheka kwa mara ya kwanza tangu tujuane, akaenda barabarani, akazunguka trela, akarudi.

"Hiyo ni akili, mama," akasema. "Tuanze?"

"Jua liko wapi?"

Lilikuwa pale pale. Saa nane na nusu. Zilibaki saa nne na zaidi.

Ryoba akainama karibu. "Wewe nenda ulale kidogo. Sabato ni ya kupumzika, ama sivyo? Ukiamka unaweza kukuta tairi zimebadilika. Hukuniambia. Hukuniona."

Nitasema ukweli: nilitamani. Nilimwona Duke akishuka stendi na sanduku lake, nikamwona Obare akitabasamu Macalder, na nikamwona Ryoba na ile jeki. Priscilla alikuwa anapeta wimbi, akaacha kupeta.

"Nitakuwa nimejua," nikasema mwishoni. "Nitakuwa nimelala huku najua."

"Basi kaa," Ryoba akasema, akaenda kupeleka mahindi.

Nikakaa. Nilihesabu nati za magurudumu kwa macho, kutoka hatua mia mbili. Niliyang'oa na kuyarudisha kichwani kama mara hamsini. Nilimwomba Mungu msamaha mara kadhaa, maana hata hiyo ilikuwa kazi. Jua lilipozama nilisali sala ya kufunga Sabato, fupi kuliko inavyostahili, lakini giza likaja nyuma yake moja kwa moja na sisi hatukuwa na taa ya maana. Tukakubaliana alfajiri.

Jumapili kabla kuku hawajashuka tulikuwa chini ya gari. Ryoba alisukuma mawe, Priscilla alishika nati kwenye ungo zisipotee, mimi nikapiga spana. Nati za trela Cephas alikuwa amezikaza kana kwamba hazitafunguliwa tena, na kazi ya saa moja ikala saa nne. Tulipoteremsha jeki ya mwisho nikarudi nyuma hatua tatu, kama Cephas. Trela lilikuwa limesimama juu ya yale matairi makubwa, limeinamisha pua kwa adabu, na Stout yangu imekaa chini nyuma, imetulia.

Kilima kile tulikipanda gia ya kwanza, polepole, bila kurusha hata kokoto moja. Ryoba alikuwa amepanda nyuma ya pikapu, akiwaamrisha maksai wasiokuwepo. Nilipofika juu nilicheka peke yangu kwenye usukani hadi nikakohoa.

Tulifika Macalder saa tano na nusu. Kina mama walikuwa wamekaa kwenye nyasi, kama thelathini, miguu yao bado na tope la kijito, na Obare alikuwa amesimama mbele yao akimaliza kusema. Metrine akatazama mashine, akatazama saa yake, akanitazama mimi.

"Mama Dorah, tumesikia umekaa na mashine yetu siku mbili njiani," akasema. "Mimi sina ubaya na wewe. Lakini hapa mashimo yako chini, kwa kijito. Gari inayoshindwa na kilima ya barabara itatoa mashine kule namna gani?"

Wanawake wakaguna.

Ningeweza kuwaeleza habari za shingo na nira na pua ya trela. Nilijua pia kwamba nikieleza nitaonekana najitetea. Kwa hiyo nikafanya kinyume tena, na mara hii kwa faida.

"Usinichague," nikamwambia. "Iteremsheni kijitoni. Obare aitoe kwanza. Akiitoa, kazi ni yake nami nitampigia makofi."

Metrine akaangalia wenzake, wakakubali kwa vichwa. Mashine ikateremshwa hadi ukingoni, ambapo njia ni udongo mweusi uliokanyagwa. Obare akarudisha gari lake nyuma, tukamfunga. Alikuwa ameongeza springi juu ya yale matairi yake, kwa hiyo chuma chake cha kushikia kilikuwa juu sana, na mkono wa trela ukapanda ukatazama mawingu. Ryoba akanitazama. Nikamwashiria anyamaze.

Obare akatia gia. Injini yake ni kubwa, ilinguruma, na magurudumu yake ya nyuma yakaanza kuzunguka kwenye tope, taratibu, kama mtu anayekoroga uji. Akasogea hatua moja, akateleza hatua mbili. Akajaribu kwa kasi, akamrushia tope Metrine kwenye kanga. Alipozima injini, klachi yake ilinuka hadi nilipokuwa.

Zamu yangu nilisema sala moja tu, na nilikuwa naogopa kwelikweli. Nikatia gia ya kwanza nikaachia klachi kidogo kidogo. Nikausikia mzigo ukikaa nyuma ya gari, ukilikandamiza chini, na yale matairi madogo yakauma udongo. Gari likaenda. Halikuenda kwa mbwembwe, lilienda tu kama anayejua anakokwenda, likapanda, likampita Obare, likawapita kina mama waliokuwa sasa wamesimama, likafika kwenye nyasi. Sikuzima injini mara moja, niliogopa kwamba nikizima nitaamka.

Metrine alipiga kigelegele kimoja kirefu, tope bado likiwa kwenye kanga yake. Hawakupiga hata kura.

Obare alikuja akanipa mkono. Kisha akachuchumaa karibu na gurudumu langu la nyuma, akasoma namba ubavuni, akachuchumaa kwenye la trela, akasoma tena.

"Umeyaweka kinyume," akasema.

"Ndiyo tabia yangu," nikamjibu.

Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye kibanda cha simu pale posta ya Migori. Gereji ya Thika ilichukua muda kumwita. Nilimsikia akija, akiifuta mikono, namjua.

"Tumepata," nikasema. "Msimu mzima."

Nilisikia nyundo nyuma yake.

"Na matairi?" akauliza.

"Nilinunua saba-hamsini."

Akavuta pumzi. Nikamweleza yote upesi, kilima, maksai, trela, yale makubwa nyuma na madogo mbele. Nikamwambia pia kwamba mia saba ndiyo yangekuwa sahihi tangu mwanzo, na sentensi hiyo ilinitoka kwa shida kuliko nati yoyote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kuyatia kwenye trela," akasema polepole. "Mimi nisingelifikiria hilo." Kisha akacheka kidogo, kicheko chembamba. "Kwa hiyo gari liko sawa. Linavuta. Halihitaji fundi."

Nilisimama na simu sikioni. Alikuwa ameniambia atarudi kwa sababu ya gari, nami kwa miaka minne nilikuwa nimemwita kwa sababu ya bawaba, na paa, na betri, na kila kitu kilichoweza kuvunjika. Sasa nilikuwa nimelitengeneza gari mwenyewe, pamoja na mwenye maksai, na sikuwa na kitu kingine cha kuvunja.

"Halikuhitaji wewe," nikamwambia. "Gari ni zima kabisa. Mimi ndiye ninayekuhitaji, Duke. Nimechoka kulala peke yangu. Rudi nyumbani."

Nyundo kule Thika ikanyamaza. Sijui ni fundi mwenzake aliyemaliza kazi, au ni wote walikuwa wanasikiliza.

"Ungesema hivyo mwaka wa kwanza," akasema.

"Ungeuliza."

"Ngoja nikabidhi vifaa hapa," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kesho napanda basi."